Fundi ukienda makumbusho kuona kazi za mbunifu wa mavazi: mwongozo kamili wa kurudi na kitu cha kukata

Mafundi wengi wa huku kwetu, kuanzia Mafinga mpaka Tukuyu, wakisikia kuna maonyesho ya mbunifu wa mavazi makumbusho hufanya safari ileile. Nauli inalipwa, picha zinapigwa, simu inajaa. Wiki inayofuata mteja anakuja na kitenge chake, fundi anafungua simu, anaona sanamu imevaa gauni zuri, na hajui mkasi uanzie wapi. Picha ina rangi na umbo la mbele. Mshono wa mgongoni haumo, bitana haimo, kipimo hakimo.

Makumbusho yamepangwa kwa mtu anayetaka kutazama, wakati fundi anataka kusoma. Hapa tunafundishana kuisoma nguo usiyoruhusiwa kuigusa, na kuirudisha mezani kwako ikiwa na vipimo. Mwongozo huu unamfaa fundi mwenye kibanda chake, mwanafunzi wa ushonaji, hata yule dada anayeshona sebuleni kwake Kihesa, Iringa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Daftari la hesabu lenye miraba. Mraba mmoja utausoma kama inchi 1, kwa hiyo mchoro wako utakuwa na kipimo tangu mwanzo.
- Penseli mbili na kifutio. Kalamu ya wino iache: makumbusho mengi hayaitaki karibu na vitambaa, na doa la wino kwenye hariri ya miaka 60 halina dawa.
- Futi kamba. Ni ya kujipima wewe mwenyewe, sio ya kupimia nguo ya maonyesho.
- Nguo uliyoishona mwenyewe, uivae siku hiyo. Unajua urefu wa mkono wake na upana wa kola yake, basi unatembea na kipimo mwilini.
- Vipande vidogo vya vitambaa vilivyobanwa kwa pini kwenye daftari: kitenge, satini, sufu, shifoni, jinzi. Huwezi kugusa nguo iliyoonyeshwa, lakini unaweza kushika kipande chako kando na kulinganisha kinavyoanguka.
- Simu yenye chaji, flashi ikiwa imezimwa tangu nje.
- Kitambulisho cha taifa. Kwenye makumbusho ya serikali kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, nawe utatakiwa kuonyesha.
- Salio kwenye simu. Malipo ya serikali siku hizi hupita kwa kontrolo namba, na noti zako zinaweza zisikusaidie dirishani.
- Yadi 3 za marekani nyepesi, kile kitambaa cha pamba cha kushonea sampuli, zikusubiri nyumbani. Zinunue kabla ya safari. Ukisema utanunua ukirudi, utarudi ukute sare za shule zimerundikana na marekani itasahaulika.

## Hatua ya 1: Chagua swali moja

Swali linatokana na kazi iliyokushinda. Labda kola za makoti yako zinajikunja ncha, au sketi ya duara inashuka upande mmoja baada ya kuning'inizwa siku mbili. Labda bitana huchanika mgongoni kila mteja anaponyoosha mikono.

“Nataka kuona mitindo mipya” sio swali. Mtindo utauona hata kwenye simu ya mteja wako. Chumba chenye nguo mia kinamlevya mtu, na asiye na swali huishia kupiga picha gauni lenye shanga nyingi kuliko mengine.

Umefaulu kama: swali lako linaenea mstari mmoja, na ndani yake limetajwa jina la sehemu ya nguo.

## Hatua ya 2: Fumua koti la mitumba

Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu, na mimi naiona ndiyo nzito kuliko zote. Jicho haliwezi kuona kilicho ndani ya nguo kama halijawahi kukutana nacho nje.

Sisi wa nyanda za juu tuna bahati ya baridi. Makoti ya sufu yaliyoshonwa vizuri yanakuja kwa wingi, na yenye dosari huuzwa bei ya kutupa. Nenda soko la Mwanjelwa au la SIDO kama uko Mbeya, la Mlandege kama uko Iringa. Tafuta koti lenye bitana, lililochanika au lenye doa, maana hutalivaa. Shika kola: ikiwa unahisi kitu kigumu kidogo kinachorudi kikikunjwa, hilo ndilo lako.

Nyumbani, lilaze kifudifudi mezani na anza kufumua bitana kwenye pindo la chini. Tumia kifumulio au wembe, taratibu, bila kuvuta. Tazama vitu vinne.

Cha kwanza, mgongo wa bitana. Katikati, kuanzia shingoni kushuka, utakuta mkunjo wa ziada, kwa kawaida wa upana wa inchi 1 hivi, uliobanwa juu na chini na kuachwa wazi katikati. Mkunjo huo hufunguka mvaaji anaponyoosha mikono. Mafundi wengi wanakata bitana sawasawa na koti lenyewe, na ndiyo maana inachanika mgongoni. Mtu wa Njombe anavaa koti Juni nzima, anaendesha nalo bodaboda, anabeba nalo mtoto. Bitana isiyo na nafasi haimalizi msimu.

Cha pili, pindo la bitana. Halikushonwa likiwa limenyooka. Limeachwa na ulegevu unaojikunja na kushuka kidogo, ili bitana isilivute koti juu.

Cha tatu, gamu, kile kitambaa cha ndani kinachoipa nguo ugumu. Utaona haikuwekwa koti zima kwa unene mmoja. Kifuani na kwenye kola ni nzito, pindoni nyepesi, na sehemu nyingine hakuna kabisa. Anayebandika gamu ngumu kila mahali anatengeneza boksi.

Cha nne, bega. Ndani ya mshono wa mkono, juu, kuna ukanda mwembamba wa kitambaa laini unaoinua kichwa cha mkono kisibonyee. Ung'oe, kisha lishike koti uone bega linavyolala. Urudishe, uone linavyoamka.

Tahadhari: usitupe vipande. Vipige pasi, vibandike kwenye karatasi, andika jina la kila kimoja. Badani ya mbele, badani ya nyuma, mkono wa juu, mkono wa chini, kola ya juu, kola ya chini. Utashangaa: kola ya chini ni ndogo kidogo kuliko ya juu, na mara nyingi imekatwa kwa mshazari. Hapo ndipo ilipo siri ya ncha zisizojikunja.

Umefaulu kama: ukishika koti jingine lililofungwa bitana yake, unaweza kusema kwa kupapasa tu kilichomo ndani na kilipo.

## Hatua ya 3: Jizoeze karibu, kisha panga safari

Kabla ya kwenda mbali, nenda Boma la Iringa, lile jengo la Wajerumani lililofanywa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Usiende kutafuta gauni. Nenda ukajizoeze kusimama mbele ya kitu usichoruhusiwa kushika, ukikichora mpaka umbo lake liingie daftarini. Ukisalimia “kamwene”, salamu ya Kihehe, mlangoni, utapata mtu wa kukuelekeza kwa moyo. Hapohapo mjini, kwenye karakana ya Neema Crafts, uliza kama unaweza kuona wafumaji kazini. Fundi aliyewahi kuona mtande (nyuzi za urefu) ukivutwa na mshindio (nyuzi za upana) ukipitishwa hababaishwi tena na neno mwelekeo wa uzi.

Kwa maonyesho ya Dar es Salaam, piga simu Makumbusho ya Taifa kabla ya kukata tiketi. Uliza manne: yanaisha lini, siku gani hakuna wanafunzi wengi, kupiga picha kunaruhusiwa, na kuna siku mbunifu au mhifadhi anazungumza na wageni. Siku ya mazungumzo ina faida kuliko siku nyingine zote.

Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, kutoka Iringa karibu 500, na mlima Kitonga ukiwa na lori lililokwama hakuna anayejua utafika saa ngapi. Usipange kuingia makumbusho siku unayoshuka basi Mbezi. Miguu imevimba, macho mazito, utazunguka dakika 20 na kutafuta kiti. Lala, oga, ingia asubuhi mlango unapofunguliwa. Vilevile, sweta uliyotoka nayo Makambako haikufai mpaka utakapokutana na viyoyozi vya ndani, kwa hiyo usiiache kwa ndugu yako.

## Hatua ya 4: Mlangoni

Begi likabidhi unapoelekezwa, usibishane. Begi la mgongoni ndilo linalogonga sanamu. Maji na vitafunwa vibaki nje, maana makombo huleta wadudu, na wadudu hawachagui kati ya magunia na hariri.

Ukiingia utaona giza. Usidhani umeme umepungua. Vitambaa huonyeshwa kwenye mwanga hafifu, kiwango kinachotumika sana ni luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), ilhali jua la mchana nje hufika luksi 100,000. Mwanga unachuja rangi na kulegeza nyuzi, na uharibifu wake haurudi nyuma. Ndiyo sababu flashi imekatazwa.

Simama dakika 5 bila kufanya kitu. Macho yakizoea, nyeusi iliyokuwa nyeusi tupu itaanza kuonyesha mishono.

## Hatua ya 5: Mzunguko wa kwanza bila simu

Zunguka chumba kizima mara moja, mikono nyuma. Unatafuta nguo 3 tu zinazojibu swali lako. Ukiona koti lenye kola iliyokaa kama ulivyotaka, weka alama ya mahali lilipo na endelea.

Mwisho wa mzunguko chagua moja kati ya hizo 3. Kigezo changu ni kimoja: ile unayoweza kuona mgongo wake. Gauni lililopakana na ukuta, hata liwe la malkia, litakupa nusu ya somo.

## Hatua ya 6: Nguo moja, saa nzima

Hapa ndipo nauli yako inapolipa. Utaona watu wanapita, wanapiga picha, wanaondoka. Wewe baki.

### Hesabu vipande

Anzia begani, shuka na kila mshono mpaka pindoni, uchore. Kisha pembeni, kisha mgongoni. Mshono ukipotea ndani ya maua, tumia maua yenyewe: ua lililokatika nusu na kukutana na nusu isiyo yake, hapo pana mshono.

Upana wa kitambaa nao ni shahidi. Kitenge cha kawaida kina upana wa inchi 45 hivi. Kipande chochote cha kitenge kinachozidi hapo kwa urefu na kwa upana lazima kina kiungo mahali fulani, hata kama hukioni. Kitafute. Vitambaa vilivyofumwa kwa mkono ni vyembamba zaidi. Maonyesho makubwa ya mavazi ya Afrika yaliyofunguliwa London mwaka 2022, kwenye makumbusho ya Victoria and Albert, yalikuwa na kazi za Chris Seydou wa Mali, aliyeshona jaketi na sketi fupi kwa bogolan, kitambaa cha vipande vyembamba vilivyounganishwa na kupakwa rangi kwa udongo. Mbele ya kazi kama hiyo jiulize: viungo vya kitambaa vimeangukia wapi, na mshono wa nguo umeangukia wapi? Ukigundua mbunifu amevilaza pamoja, umepata somo la kazi yako ya vitenge.

### Tafuta mwelekeo wa uzi

Kitambaa kilichokatwa kufuata mtande huning'inia wima na kushika umbo. Kilichokatwa kwa mshazari hunyumbuka, hukumbatia nyonga, na pindo lake hucheza. Mbunifu Madeleine Vionnet wa Paris aliujengea jina lake mshazari huo miaka ya 1920, akipanga nguo zake kwanza kwenye sanamu ndogo ya mbao. Ikumbuke sanamu hiyo, tutaihitaji hatua ya 9.

Ikiwa kitambaa kina mistari au miraba, mwelekeo unajionyesha. Kama hakina, tazama mng'ao: satini ya mshazari hung'aa kwa pembe tofauti na satini iliyosimama.

### Pima bila kugusa

Nyoosha mkono, shika penseli wima, funga jicho moja. Weka ncha ya penseli kwenye shingo ya nyuma ya sanamu na kidole gumba kwenye kiuno. Urefu huo kwa wanawake wengi ni inchi 15 hadi 17, kwa hiyo chukua 16. Bila kukunja kiwiko, hamisha kipimo hicho kushuka sketi. Kikiingia mara mbili na nusu, sketi ni inchi 40. Andika.

Sasa tuseme sketi hiyo ni ya duara kamili na kiuno ni inchi 28. Gawa 28 kwa 6.28, unapata kama inchi 4.5, ndiyo nusu kipenyo ya tundu la kiuno. Ongeza urefu wa 40, jumla 44.5. Nusu duara moja itataka kitambaa cha upana wa 44.5 na urefu wa 89. Kitenge chako kina upana wa 45. Imebaki nusu inchi, pindo halina pa kutoka! Na nusu duara mbili zimekula inchi 178, karibu yadi 5 kati ya 6 za pisi.

Rudi utazame gauni. Huenda ndiyo maana mbunifu ameweka ukanda wa kitambaa kingine chini, ambao wapita njia wanauona ni urembo. Hesabu kama hizi usizifanyie nyumbani, zifanye ukiwa bado mbele ya nguo, kwa sababu kila jibu linazaa swali la kutazama tena.

### Chuchumaa utazame pindo

Watu wazima hawapendi kuchuchumaa makumbusho. Wewe chuchumaa. Pindo lina unene gani? Limeanguka kwa uzito wake au kuna kitu kimelivuta? Jaketi za Chanel zina mnyororo mwembamba ulioshonwa ndani ya pindo ili zikae wima. Na makumbusho hayohayo ya London, yalipoonyesha kazi za mbunifu Balenciaga mwaka 2017, yalipiga baadhi ya nguo picha za eksirei ili wageni waone uzito na mifupa iliyofichwa ndani. Wenye nguo wenyewe hawawezi kuzifumua. Wewe una koti lako la mitumba, limekwisha kukuonyesha.

### Mvaaji anaingilia wapi?

Tafuta zipu au vifungo. Kama huvioni, tazama ubavuni chini ya kwapa, halafu katikati ya mgongo ndani ya mshono. Gauni lililobana lisilo na mlango unaoonekana ndilo swali zuri la kumuuliza mhifadhi.

Tahadhari: sanamu hujazwa pamba ili zilingane na nguo, na nguo nyingine huwekewa viinuo ndani. Kiuno chembamba ulichokiona huenda ni cha mwanamitindo mmoja tu. Chukua uwiano, vipimo vya mteja vitabaki kuwa vya mteja.

Umefaulu kama: daftari lako lina mchoro wa mbele, pembeni na mgongo, idadi ya vipande, mshale wa mwelekeo wa uzi kwenye kila kipande, na angalau vipimo 4.

Piga picha sasa, kama inaruhusiwa: mbele, mgongo, mshono mmoja kwa karibu, na kibao cha maelezo. Zikifika 10 umeshaanza kukusanya badala ya kujifunza.

## Hatua ya 7: Kibao na mhifadhi

Kwenye kibao mstari wa jina na mwaka upite haraka, simama kwenye mstari wa malighafi. “Hariri na pamba” maana yake kuna vitambaa viwili, na kimoja labda hukukiona kwa sababu ni bitana.

Mhifadhi au mlinzi wa chumba mkute akiwa amesimama peke yake. Salimia kwanza, aliyekuzidi umri ana shikamoo yake. Jitambulishe kuwa ni fundi na umetoka wapi. Mtu aliyetoka Tukuyu kwa ajili ya kola hasahauliki, na mara nyingi atakuitia mwenzake aliyeivalisha sanamu. Swali lako liwe la ufundi: “Mlipoivalisha, ilifungukia wapi?” linajibika. “Mbunifu alikuwa anawaza nini?” litakurudisha kwenye kibao.

## Hatua ya 8: Usiku huohuo

Kabla ya kulala, na kabla ya kumsimulia shemeji, chora nguo ile upya bila kutazama picha. Pale mkono utakaposita ndipo hukuona vizuri. Kama bado uko mjini, rudi kesho ukatazame pale tu.

## Hatua ya 9: Kata marekani kwa nusu kipimo

Gawa kila kipimo kwa 2. Kiuno cha 28 kinakuwa 14, sketi ya 40 inakuwa 20. Kitambaa kitakachotumika ni robo tu ya kile cha nguo nzima, kwa hiyo yadi 3 zinatosha hata ukikosea. Ndiyo faida ya sanamu ndogo ya Vionnet. Wewe unaweza kutengeneza yako kwa gunia lililojazwa mabaki ya vitambaa, likafungwa kamba kiunoni.

Fanya hivi ndani ya siku 3 za kurudi. Usipige ovaloki, usiweke zipu. Shona kwa mshono mrefu, ivalishe sanamu yako, isogeze mbali, itazame.

Kila sampuli iandikie kwa kalamu juu yake: swali, tarehe, na kilichokataa. Zitundike pamoja. Mteja akizikuta ukutani ataelewa kwa nini bei yako si ya jirani.

Umefaulu kama: sampuli inaanguka kama mchoro wako ulivyo kwa mbele na kwa mgongo. Mbele peke yake haitoshi.

## Hatua ya 10: Ihamishie kwenye kitambaa na hali ya hewa ya huku

Nguo iliyobuniwa kwa ukumbi wenye joto wa Paris haitamfaa mama anayesimama nje ya kanisa Njombe mwezi Julai. Kitenge peke yake hakizuii upepo. Kikiongezwa bitana kinakuwa kizito, na marinda yaliyohesabiwa bila bitana yatajaa kiunoni. Punguza marinda kwanza, bitana ifuate.

Kuna kosa moja linalorudiwa sana kwa marinda membamba ya kudumu, yale aliyoyafanya maarufu mbunifu Issey Miyake wa Japani. Yeye alikuwa akishona nguo kubwa kuliko inavyotakiwa, kisha akiikunja na kuibana kwa joto, na kitambaa chake kilikuwa polista, ambayo joto huifinyanga ikabaki hivyo. Pamba haina tabia hiyo. Marinda ya kitenge uliyoyapiga pasi mpaka yakakaa yatafunguka kwenye beseni la kwanza. Ukitaka yadumu kwenye pamba, yashone sehemu ya juu yake, au mweleze mteja kabisa kwamba kila akifua atapiga pasi.

## Mpaka wa kuiga

Namna ya kukata, kulaza mshazari, kuficha zipu au kuinua bega ni ufundi, na ufundi hupita mkono kwa mkono. Michoro ya kitambaa aliyoichora mbunifu, nembo yake na jina lake ni mali yake, na Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Kumshonea mteja gauni lilelile, kwa michoro ileile, na kulitangaza mtandaoni kama ubunifu wako ni kutafuta kesi. Mimi huwa naangalia hivi: kama umebadilisha kitambaa, vipimo na mahali pa kufungulia, na nguo bado inasimama, basi umejifunza. Kama bila michoro yake haina maana, umenakili.

## Sampuli ikikataa

Pindo la duara linashuka pande mbili. Ni mshazari unanyooka kwa uzito. Tundika sampuli usiku mzima ndipo ukate pindo. Kwa sketi ya kweli yenye bitana, tundika siku 2.

Kola inajikunja ncha kwenda juu. Umekata kola ya juu na ya chini sawa. Punguza ya chini kama robo inchi kwenye kingo za nje, ivute kidogo wakati wa kushona.

Mkono unavuta mgongoni. Usiongeze upana wa mgongo kabla ya kuangalia kwapa. Tundu likiwa limeshuka sana, mkono ukiinuliwa unanyanyua nguo nzima. Lipandishe kidogo, au fanya kama washona kanzu: weka kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne, katikati ya badani na mkono. Kikate kwa mshazari.

Kila kitu kiko sawa lakini nguo imelala tu, haina uhai. Rudi kwenye vipande vyako vya koti la mitumba, ukaangalie gamu ilikuwa wapi na wapi haikuwepo.